Dumu la Maji Kwenye Pantoni ya Kamanga

Ukikaa katikati ya watu wawili wasiojua lugha ya mwenzake, kitu cha kwanza kuuma ni shingo. Hakuna aliyenionya. Mimi nilidhani ulimi ndio utakaochoka, nikawa natembea na asali kwenye kichupa, kumbe usiku nakandwa shingo na maji ya moto. Kwa hiyo ninyi vijana mnaoniuliza kazi ya ukalimani kwenye miradi ilikuwaje, shikeni hili kwanza: msikae katikati. Kaeni nyuma kidogo ya wote wawili, kama mtu aliyekuja kuteta, mgeuze macho badala ya kichwa. Na msikubali karanga. Kijijini watawapa karanga, na ndiyo hiyo punje moja itakayokwama kooni wakati mgeni mkubwa anauliza swali lake la maana.

Mnaniita shangazi Koku, na wengine mnadhani nilisomea. Sikusomea. Mimi ni Mhaya wa Kagera, na utani mnaujua: Mhaya anaweza kukosa ndizi lakini hakosi Kiingereza. Mimi nilikuwa na ndizi tu. Nilimaliza darasa la saba, nikaja Mwanza kwa kaka yangu, nikapata kazi ya kuchemsha chai na kupanga vipuri kwenye stoo ya mradi wa maji uliokuwa ukifadhiliwa na serikali ya nchi moja ya kaskazini ya Ulaya. Kila pampu ilikuja na kitabu chake cha maelekezo. Nikaanza kusoma vile vitabu, na jioni nasikiliza redio ya kaka, nalinganisha. Kiingereza changu cha kwanza kilikuwa cha amri, kwa sababu kitabu cha pampu hakijui kuomba. Siku moja mgeni alikuwa anahangaika kufunga mlango wa gari, nikamwambia kwa sauti ya kitabu: kaza mpaka usikie mlio, kisha usizidishe nguvu. Akakaza, ukalia, akaacha. Akanitazama kwa heshima kubwa.

Nilivyoupata ukalimani wenyewe ni hivi. Mkalimani wa kweli alipata kazi Dar akaondoka bila kuaga, na wageni walikuwa wameshapanda gari. Bosi wetu, Mhandisi Masalu, Msukuma mrefu mwenye maneno machache, akaja mlangoni pa stoo.

"Koku, wewe si Mhaya?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi panda gari."

Nikapanda, na sikushuka kwa miaka mingi.

Niwaambie ukweli kuhusu mimi wa siku zile: nilikuwa kijana wa hofu. Nilitaka kila kitu kinyooke. Kabla ya ziara nilikwenda kijijini siku moja mbele kuangalia viti kama vinatosha na kama havichechemei, maana niliwahi kuona mgeni akianguka na kiti nikaota ndoto hiyo wiki nzima. Nilijichemshia maji yangu, nikayabeba kwenye chupa ya chai. Sentensi niliyoitafsiri asubuhi nilikuwa nikiirudia jioni nikifua nguo, nikiipata iliyo bora zaidi wakati haihitajiki tena. Masalu alikuwa akinitazama anatikisa kichwa. "Koku," aliniambia, "mkalimani ni bomba. Kinachoingia upande huu ndicho kinachotoka upande ule. Bomba haliongezi chumvi, halipunguzi, wala haliumwi tumbo kwa sababu ya viti." Nikaikariri hiyo kama sala.

Sasa niwaeleze siasa kidogo, msichoke, maana bila hiyo hamtaelewa habari ya dumu.

Nilipoanza kazi, mambo yalikuwa mepesi. Wageni walikuwa wafadhili, basi. Walileta mtambo, wakachimba, wakafunga pampu, wakapiga picha, wakaondoka. Pampu ikiharibika, kijiji kilimtuma mtu na baiskeli mpaka ofisini Mwanza. Mtu huyo alivua kofia na kusema, "Shikamooni. Tumekuja kuwaambia pampu yenu imeharibika." Pampu yenu! Ipo kijijini kwake, wanakunywa watoto wake, lakini ni yetu. Na sisi tulikwenda kuitengeneza bila kuona ajabu.

Halafu ukaja wakati wa ruksa. Mwanza ilibadilika nikiiona: mitumba kila kona, mabasi ya watu binafsi, viwanda vya minofu ya sangara vikinuka ufukweni, pamba ikinunuliwa na watu wenye magari mapya huku ushirika ukikosa hata magunia. Hospitali ikawa ya kuchangia, shule ya kuchangia. Na serikali ya wageni wetu nayo ikabadilisha sera yake ya misaada. Sasa hawakuitwa wafadhili, waliitwa washirika. Kijiji hakikupewa kisima, kilishirikiana kupata kisima. Kilitakiwa kiunde kamati yenye wanawake, kikusanye mawe na mchanga, kichange fedha, halafu ujumbe uje kutoka Ulaya kuangalia mambo mawili: kama shida ni ya kweli, na kama watu wako tayari.

Sikilizeni vizuri hapo, kwa sababu mpaka leo nalishangaa jambo hilo. Kijiji kilitakiwa kiwe maskini kiasi cha kustahili kusaidiwa, na wakati huohuo kiwe na uwezo kiasi cha kustahili kuaminiwa. Kilikuwa kipimo chembamba kama uzi. Kijiji kimoja upande wa barabara ya Musoma kilikosea kwa kuvuta upande wa umaskini. Walificha baiskeli zote kwenye kanisa, wakawavua watoto viatu. Mgeni mmoja akaenda kanisani kusali. Sina la kuongeza.

Nilitaka sana kujua nani huko kwao anaamua mambo haya. Nilimfikiria mtu mmoja, mzee, kwenye chumba kimoja chenye ramani kubwa, akielekeza kidole kwenye ziwa letu. Nilibuni mpaka aina ya miwani yake. Nilikuwa bado sijui kama ni kosa kumuuliza mgeni swali ambalo halijatoka kwa mtu mwingine.

Basi kulikuwa na kijiji ng'ambo, wilaya ya Sengerema, mbali kidogo na kivuko cha Kamanga. Sitakitaja, wenyewe wana wajukuu wanaosoma. Mwenyekiti wa kamati yao ya maji alikuwa Mama Kabula, mwanamke mwenye kifua kipana na kicheko kinachoanzia miguuni. Kijiji chake kilikuwa kimemaliza kila sharti. Mawe yalikuwa yamepangwa shuleni kama ukuta. Mbuzi walishauzwa. Lakini mtambo wa kuchimba ulikuwa umebakiwa na kijiji kimoja tu kwa kiangazi kile, na vijiji vilivyoungoja vilikuwa viwili. Ujumbe ukisema hapana, mtambo unakwenda wilaya nyingine, na hakuna aliyejua kama ungerudi tena, maana huko Ulaya kulikuwa na maneno ya kupunguza misaada.

Siku ya kuamkia ziara nilivuka na pantoni, na viti vyangu kichwani. Maana yake hofu ya viti. Na nani namwona amekaa kwenye gunia karibu na ukingo? Mama Kabula, ana dumu la njano katikati ya magoti, amelikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Kijana mmoja wa pantoni, wale wanaofunga kamba, akamwona pia.

"Mama, humo mna nini, petroli?"

"Maji."

Akaangalia ziwa upande huu. Akaangalia ziwa upande ule. "Mama! Unavusha maji juu ya maji? Ziwa limekauka?"

"Limekauka kichwani kwako," akasema Mama Kabula, na pantoni nzima ikacheka, mpaka mtu wa kukata tiketi.

Nikaenda kukaa naye. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usinicheke na wewe."

"Sicheki. Lakini nieleze."

Akaniambia ana mdogo wake mjini, jina lake Nyakato, mumewe anafanya kazi kiwandani, kwenye nyumba zao za wafanyakazi kuna bomba uani. Amekwenda kuchota maji ya kesho ya wageni.

"Si ungechemsha ya ziwani?"

"Harufu ya ziwa haiishi kwa kuchemsha. Mgeni atoke kwao mbali hivyo, nimnyweshe tope?"

Nilimsaidia kulishusha Kamanga na tukalipakia kwenye baiskeli. Nikaona ni jambo zuri sana, la adabu. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye viti.

Nililala kwake usiku ule. Kabla ya kulala niliona mambo mawili ambayo baadaye nilishukuru kuyaona. La kwanza ni binti yake, Kabula mwenyewe, msichana mkubwa, akipanda kutoka ufukweni na ndoo kichwani huku anachechemea. Mamba alimshika mguu akiwa anachota maji. Msichana alipona, mguu haukupona. Na bado alikuwa anachota palepale, kwa sababu pengine hapakuwapo. La pili ni mimi. Mama Kabula alinikaribisha chakula, ugali na sato, akaniletea maji kwa kata kutoka kwenye mtungi, nami nikasema asante mama, nina yangu, nikafungua chupa yangu ya chai. Hakukasirika. Aliwaambia watoto kwa Kisukuma neno wakacheka, kisha akanitafsiria mwenyewe: "Nimewaambia wewe ni mtoto wa chupa."

Nikaona aibu, nikasema, "Samahani, mama, mgeni ana mambo yake."

"Mgeni nani? Aliyelala kwangu si mgeni. Kesho nakupa jembe."

Asubuhi wageni wakafika na Mhandisi Masalu. Walikuwa wawili. Kiongozi alikuwa Bi Marit, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, aliyekuwa muuguzi kwao zamani kabla ya kuingia serikalini. Mwenzake alikuwa mchumi kijana, Jonas, mtu mzuri lakini ndiye aliyezikuta baiskeli kanisani, na tangu siku hiyo alikuwa akiangalia kila kitu mara mbili.

Mkutano ulifanyika shuleni. Hapo mlikuwa na bomba la viungo vitatu: wazee wanasema Kisukuma, mwalimu wa shule anakileta Kiswahili, mimi nakipeleka Kiingereza, halafu wageni wanajadiliana kwa lugha yao ambayo hakuna aliyejua inasema nini. Mzee mmoja alisimama akazungumza mpaka kivuli kikasogea. Alitaja mvua, alitaja babu yake, alipiga fimbo chini, watu wakashangilia. Mwalimu akanigeukia akasema, "Anashukuru."

"Hayo tu?"

"Na ng'ombe wake wazima."

Maswali ya utayari yalikwenda vizuri. Waliona mawe, walimwona mweka hazina, waliona wanawake wanazungumza. Ila neno la shida halikutoka. Nilikuwa nangoja Mama Kabula aseme habari ya mamba. Hakusema. Jonas aliuliza, "Tatizo lenu kubwa la maji ni lipi?" Mama Kabula akajibu kwamba maji yapo mbali kidogo. Mbali kidogo! Nikatafsiri hivyohivyo, neno kwa neno, kwa sababu mimi ni bomba. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Alisema kilio cha nyumbani hakianikwi mbele ya mtu aliyekuja na furaha yake.

Kisha tukaenda kwake kula. Msione mzaha, chakula kile nacho kilikuwa na kesi. Kuku alikuwa amepikwa, na firigisi ni ya mkubwa, na mkubwa siku ile alikuwa mwanamke. Wazee walijitenga nyuma ya nyumba wakashauriana. Wakarudi na uamuzi kwamba Bi Marit, kwa siku hiyo, ni mzee. Akawekewa firigisi, akaila yote bila kujua kwamba kuna historia inapita kooni mwake. Wazee wakatazamana, wakaona mbingu haijaanguka, wakaanza kula.

Na maji yakaja. Sinia, glasi mpya zenye maua, na ndani yake maji meupe, yanameremeta kama hayapo. Kabula ndiye aliyeyaleta, kwa mwendo wake ule wa kuchechemea, akapiga goti. Bi Marit akanywa. Jonas akainua glasi yake juu, akaitazama kwenye mwanga. Akanywa kidogo, akatulia, akanywa tena. Nikauona uso wake ukibadilika, na hapo ndipo nilipoelewa kosa la lile dumu.

Akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, "Muulize mama, maji haya mazuri wanayapata wapi?"

Nikamgeukia Mama Kabula. "Mama, anauliza maji haya mazuri mnayapata wapi."

Vijana, muwaelewe watu wale kwa desturi zao. Kwa Mama Kabula, kumwambia mgeni jinsi ulivyohangaika kumpatia anachokunywa ni kumdai. Ni kumwambia usirudi. Hata mtoto wa darasa la kwanza pale kijijini alilijua hilo. Mama Kabula akatabasamu tabasamu la mwenye nyumba, akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Aa, yapo tu."

Wote wakaningoja.

Nilikuwa na maneno mawili mkononi. Nikiyavusha kama yalivyo, kijana huyu ataandika kwamba kijiji kina maji safi karibu, na mtambo utakwenda kwingine. Nikiongeza habari ya Nyakato na pantoni, nimevunja kazi yangu, na zaidi ya kazi, nimemvua nguo mwanamke mbele ya wageni wake, kwenye uwanja wake. Masalu alikuwa ananitazama. Yeye naye alijua. Nilikuwa nimemsimulia habari ya pantoni kama kichekesho asubuhi ileile. Naye ni Msukuma, alifungwa mdomo na adabu ileile.

Nikatafsiri. "Anasema yapo tu."

Jonas akaitikia kwa kichwa, akachukua kalamu.

Sijui lilinitoka wapi lililofuata. Ningependa kuwaambia nilifikiri. Sikufikiri. Koo lilikuwa limenikauka kwa hofu, na kiu yenyewe ndiyo iliyosema.

"Mama, na mimi naomba maji."

"Si hayo hapo," akasema, akinyoosha kidole kwenye sinia.

"Hayo ni ya wageni."

"Kunywa, mwanangu, yanatosha."

"Mama, jana umesema mimi si mgeni. Umesema leo unanipa jembe. Nipe maji ya mtungini."

Akanitazama. Akaitazama chupa yangu ya chai kwenye kamba begani. Mzee mmoja aliacha kutafuna. Niliona amekasirika, halafu nikaona amenaswa, kwa sababu angefanya nini? Angesema mbele ya watu kwamba aliyelala kwake ni mgeni? Akasema kwa sauti ya chini, "Wewe mtoto, wewe." Kisha akaita, "Kabula! Mletee dada yako maji."

Kata ikaja. Maji yalikuwa na rangi ya yale unayooshea mchicha, na kitu kidogo chembamba kinaogelea. Nikapokea kwa mikono miwili. Mimi, mtoto wa chupa, niliyekuwa nachemsha hata maji ya kusukutulia. Nikanywa. Nikanywa yote, kwa sababu kata hairudishwi na maji, na kwa sababu ningesimama katikati nisingeweza kuanza tena.

Nilipoishusha, Jonas alikuwa ameshika kalamu hewani. "Hayo ni maji gani?" akauliza.

Nikageuka, shingo ikiniuma. "Mama, anauliza haya ni maji gani."

Mama Kabula akafuta mikono kwenye khanga, polepole.

"Mwambie hayo ni ya nyumbani."

Nikamwambia.

"Na haya?" akainua glasi yenye maua.

"Anauliza na hayo."

"Hayo ni ya wageni."

Nikamwambia. Sikuongeza chumvi, sikupunguza.

Jonas aliishusha kalamu. Aliyatazama maji yake, akatazama kata, akamtazama Kabula ambaye bado alikuwa amepiga goti, na mguu wake ule umetoka pembeni kwa sababu haukunjiki. Bi Marit aliweka sahani chini. Akasema angependa kunyoosha miguu, je, msichana huyu anaweza kumwonyesha anapochota? Wakaondoka watatu, Jonas nyuma, bila mkalimani. Sijui huko ufukweni walizungumzaje. Walirudi viatu vina tope, na Bi Marit amebeba ile ndoo.

Tulipokuwa tunapanda pantoni kurudi, Masalu akanisogelea, akiangalia maji.

"Leo bomba limekunywa maji," akasema.

"Nisamehe, mzee."

"Nimelalamika?" Mabega yakaanza kumtikisika. Ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka. "Ila utaharisha, Koku. Utaharisha vibaya."

Kweli.

Pale kwenye pantoni ndipo nilipopata ujasiri wa kuuliza swali langu mwenyewe. Nilimuuliza Bi Marit ni nani huko kwao anayeamua. Nikamwambia habari ya mzee mwenye ramani, mpaka miwani. Alicheka sana. Akasema hakuna mzee. Kuna bunge, kuna ubishi, kuna watu wanaosema tusitoe kitu na wengine wanaosema tutoe zaidi, na kila mmoja anataka kuhakikishiwa kwamba wanaopewa wanahitaji kweli. Karatasi inapita mikono mingi, na kila mkono unaisafisha kidogo, mpaka inapofika juu haina tope hata tone.

Kisha akasema jambo ambalo nimelitunza. Alikulia kijijini, kwao kwa wakulima. Nyumbani walikuwa na chumba ambacho watoto hawakuruhusiwa kuingia, na ndani kabati lenye vikombe ambavyo wao hawakuwahi kuvinywea. Mwaka mmoja mama yake alipokuwa amekosa kila kitu, padri wao alikuja, na akanywea kikombe cha kabatini kahawa iliyoazimwa kwa jirani. Padri akaondoka akiamini nyumba ile iko vizuri. "Nilikuwa nimesimama mlangoni," akasema Bi Marit, "na sikuwa na akili ya kuomba kikombe cha jikoni."

Niliangalia mbele, mawe ya Mwanza yakikaribia. Nilikuwa siku zote najiuliza watu wale wanafananaje na sisi. Sikuwahi kudhani jibu lingekuwa ndani ya kabati.

Mtambo ulikwenda kijijini kwa Mama Kabula. Msinipigie makofi, kijiji cha pili kilichokuwa kinangoja kilikosa, na watu wake nao walikuwa na mitungi yenye maji ya rangi ileile. Nilikwenda huko pia baadaye na sikupata pa kuyaweka macho. Kazi ya misaada ina hilo, mjue mapema. Mradi wenyewe haukudumu. Huko kwao walifanya uchaguzi, serikali ikabadilika, sera ikabadilika, na ofisi yetu ya Mwanza ikafungwa kwa sababu ya kura za watu ambao hawakuwahi kusikia jina Kamanga. Magari yakaondoka. Mimi nikaendelea kwa wengine, nikawatafsiria watu wa samaki, watu wa misitu, watu wa utawala bora. Maneno yalibadilika kila miaka michache na mimi nikayajifunza upya kila mara, nikifua nguo.

Karibu na kustaafu nilivuka kwenda kumwona Mama Kabula. Amezeeka, kifua kimepungua, kicheko bado kinaanzia miguuni. Kabula ana watoto, na mmoja wao alikuwa akibembea kwenye mkono wa pampu mpaka akapigiwa kelele. Ile pampu imebadilishwa kila kiungo isipokuwa nguzo. Kamati inaitengeneza yenyewe, kwa ugomvi mwingi. Hakuna anayepanda baiskeli kwenda Mwanza kusema pampu yenu.

Nikakaa kwenye kigoda. Kabula akaniletea maji kwa kata. Glasi za maua nilikuwa naziona kabatini kwa macho yangu, lakini kwangu ilikuja kata. Nikayatazama kwenye mwanga kama alivyofanya yule kijana. Meupe, yanameremeta kama hayapo. Nikanywa yote.

"Mama," nikasema kwa utani, "maji haya mazuri mnayapata wapi?"

Hakucheka. Alipunga mkono kama anafukuza nzi.

"Aa, yapo tu."